Dondoo muhimu: Intaneti ikigoma kwenye simu
Usikimbilie fundi: Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na hata simu zisizo na hitilafu zikasumbua.

1. Uliza jirani kwanza. Naye akikosa mtandao, huenda simu yako haina kosa.
2. Hakikisha bando halijaisha na data imewashwa.
3. Ukiwa Amani, kwenye Milima ya Usambara, sogea palipo wazi. Milima huzuia mawimbi.
4. Rekebisha tarehe na saa. Zikikosewa, tovuti nyingi hazifunguki.
5. Tatizo likiendelea, jiandae kusasisha programu ya simu: punguza video za WhatsApp. Sasisho huhitaji nafasi.
6. Sasisha kwa Wi-Fi, chaji ikizidi nusu; usizime simu katikati.

Ni kweli sasisho hula bando usipotumia Wi-Fi, lakini huziba mianya wanayopitia wezi wa mtandaoni. Usiliahirishe.