Kijiti, Kivuli na Mvua: Somo la Majira kwa Watu wa Mlimani

Mtu asimamaye Moshi mjini alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, akitazama kaskazini aona vilele viwili. Cha kushoto ni Kibo, chenye kichwa cha mviringo na barafu. Urefu wake ni mita 5,895 toka usawa wa bahari. Cha kulia ni Mawenzi, chenye mita 5,149, nacho kimechongoka na kuvunjika-vunjika kama meno ya mtu aliyepigwa.

Wazee husimulia ya kuwa Mawenzi alipigwa kweli. Alikuwa na desturi ya kuuacha moto wake uzimike, kisha huenda kwa nduguye Kibo kuomba kaa. Kibo akampa kaa, na ndizi juu yake. Siku ya pili akaja tena, na tena siku hiyo hiyo, hata Kibo akachoka, akashika mchi, akampiga nduguye kichwani.

Wenye elimu ya miamba wasema kwa namna yao: ya kwamba Mawenzi ni mlima wa moto uliozimika zamani mno, kabla Kibo haujamaliza kujengwa, na tangu hapo mvua, upepo na baridi vimekuwa vikiuguguna. Hatuoni kuwa maneno haya mawili yagombana. Elimu yatuambia mwamba ulivunjikaje. Hadithi yatuonya kwamba asiyelinda moto wake kwa wakati wake atakuwa mzigo kwa jirani. Leo twapenda kusema habari ya kulinda wakati, maana mkulima hana moto mwingine ila huo.

JUA LIENDALO NA KURUDI

Watu husema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Methali hii ni kweli, walakini kwetu mlimani haitoshi. Hapa mawingu hupanda karibu kila siku. Asubuhi mlima u wazi, na kabla ya adhuhuri msitu wote umefunikwa, hata katika miezi ambayo haishuki tone tambarare. Akifuata mawingu peke yake, mkulima atapanda kila juma. Hapana budi atafute dalili iliyo imara kuliko wingu.

Dalili hiyo ni jua lenyewe, na chombo cha kulipimia ni kijiti tu. Mwalimu na achomeke kijiti kilichonyoka katika uwanja wa shule, mahali palipo tambarare, kisimame wima kabisa. Kila juma, mchana, wanafunzi watie alama mahali kinapofika kivuli kilicho kifupi kuliko vyote vya siku ile. Kwetu Moshi wakati huo hauwi saa sita kamili, bali huwa kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo, kwa kuwa saa zetu zimewekwa kwa kufuata mstari ulio mashariki yetu, baharini.

Wataona jambo la ajabu. Katika Desemba kivuli cha mchana huelekea kaskazini, yaani upande wa mlima, maana jua liko kusini yetu. Katika Juni kivuli hicho huelekea kusini, upande wa tambarare, kwa kuwa jua limepita kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka kivuli hutoweka, jua likiwa juu ya utosi: mara ya kwanza siku chache kabla ya tarehe 21 Machi, na mara ya pili siku chache baada ya tarehe 23 Septemba. Ni hivyo kwa sababu Moshi iko kusini ya ikweta, kwa kadiri ya digrii tatu na theluthi.

Sasa wanafunzi na wafikiri. Mara hizo mbili hufuatwa na nini? Ya Machi hufuatwa na masika, mvua kubwa ya Machi, Aprili na Mei. Ya Oktoba hufuatwa na vuli, mvua ndogo ya Novemba na Desemba. Hayo hayakutukia bure. Jua likiwa juu ya utosi nchi hupata joto jingi, hewa yenye joto hupanda, na hewa yenye unyevu hukimbilia mahali pake toka baharini; ikipanda nayo hupoa, ikaacha maji yake. Ukanda huu wa mvua huizunguka dunia, ukilifuata jua kaskazini na kusini, nao hulifuata kwa kuchelewa kidogo, kama mtoto amfuatavyo mama yake njiani.

Katika masika upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi, ukagonga ubavu wa kusini wa mlima. Ndiyo sababu Machame na Kibosho hupata mvua nyingi, na Rombo upande wa mashariki hupata pungufu. Watu wa pwani nao walikuwa na hesabu yao: waliitazama nyota ya Kilimia, ambayo jina lake latokana na kulima. Mwisho wa Aprili hivi Kilimia huzama magharibi pamoja na jua, kisha hakionekani kwa majuma kadhaa, hata kionekane tena mashariki alfajiri katika Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Tazameni basi: watu wa mbali na mlima walisoma kitabu kile kile cha mbingu.

SIKU ZA IBADA NA SIKU ZA JEMBE

Katika Kichagga cha wazee, neno Ruwa lilikuwa jina la Mungu, na neno hilo hilo lilikuwa jina la jua. Hatusemi ya kuwa wazee waliabudu jua. Twasema waliona ya kuwa rehema ya Mungu yaja kwa utaratibu, kama jua lijavyo, wala haiji kwa fujo.

Utaratibu huo uko katika sikukuu zetu pia. Wakristo wa magharibi huihesabu Pasaka kwa mwezi mpevu ufuatao tarehe 21 Machi, nayo huangukia siku zote kati ya tarehe 22 Machi na tarehe 25 Aprili. Kwa hiyo kwetu Pasaka huja na masika, na watu huenda kanisani wakiwa na tope miguuni. Krismasi huja mwisho wa vuli, nao wana wa Mlima walio Dar es Salaam, Arusha, na nchi za mbali hurudi vihambani kwa wazazi wao.

Waislamu huhesabu kwa mwezi mtupu. Mwaka wao ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani hutangulia kila mwaka, na kwa muda wa miaka 33 hivi huwa imezunguka majira yote. Mtu aishiye umri wa kutosha hufunga katika baridi ya kipupwe, katika joto la Februari, na katika tope la Aprili. Hili nalo ni fundisho: kwamba ibada haingoji majira mazuri. Lakini mkulima Mwislamu ajua vema kwamba hawezi kupanda mahindi kwa kufuata Ramadhani, na Mkristo kadhalika asipande kwa sababu tu Pasaka imefika. Siku ya ibada ina hesabu yake, na siku ya jembe ina yake.

MBEGU YA MJANE

Sasa twafika kwenye jambo linaloumiza. Tufikiri habari ya mjane mmoja, wala hatumtaji kwa jina, maana wako wengi wa namna yake. Kihamba chake juu ni kidogo, kina migomba, mibuni michache na magimbi. Chakula cha watoto hutegemea shamba lake la chini, tambarare, alimapo mahindi na maharagwe. Mwanzo wa Machi mvua moja kubwa yanyesha usiku. Asubuhi majirani wote washika majembe. Naye aogopa kuchekwa kuwa ni mvivu, atoa debe lake lote la mbegu, alifukia siku moja. Kisha jua lawaka majuma matatu. Mbegu zimechipuka, zimekauka. Masika ya kweli yanapokuja hana mbegu wala fedha, na atakopa kwa mtu atakayemdai mara mbili.

Je, mjane huyu alikosa imani? La. Alisali, na akafanya kazi. Alikosa tu mtu wa kumwambia mambo matatu ambayo kila kijiji chaweza kuyajua.

La kwanza, asipande kwa mvua moja. Achimbe kwa jembe aone kama unyevu umeshuka kadiri ya shubiri nzima. Ikiwa juu ni tope na chini ni vumbi, angoje.

La pili, asitoe mbegu zote siku moja. Agawe mafungu matatu. Fungu moja libaki ndani hata mvua ithibitike. Hasara ya theluthi yaweza kuvumilika, hasara ya yote ni njaa.

La tatu, asikilize habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya masika na kabla ya vuli. Mwelekeo huo si unabii. Ni hesabu ya yaelekeayo kuwa, nao waweza kukosea. Lakini afadhali hesabu iwezayo kukosea kuliko kicheko cha jirani.

Tena kuna miaka ambayo majira yenyewe huharibika kwa sababu zilizo mbali. Wengi wakumbuka mvua za mwaka 1997 na 1998, zilizoitwa za Elnino, ambazo vuli yake ilimwagika kama masika na kuvunja madaraja. Chanzo chake kilikuwa joto la maji katika bahari kubwa zilizo mbali nasi. Kwa hiyo kijiti chatuonyesha wakati wa kujiweka tayari, hakitupi ahadi.

MAJI YETU YATOKA WAPI

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kibo, akaandika kuwa ni theluji. Wenye elimu wengine wa Ulaya walimcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Leo weupe ule unapungua: barafu iliyokuwako mwaka 1912, sehemu 85 katika kila 100 zilikuwa zimekwisha kufikia mwaka 2007. Watu wengi waogopa wakidhani kwamba barafu ikiisha, mito nayo itakauka.

Ni huzuni kuipoteza barafu, lakini yafaa kujua ukweli. Maji mengi ya mito na chemchemi zetu hayatoki katika barafu. Yatoka katika mvua inyeshayo juu ya msitu ulio katikati ya mlima. Huko juu kabisa, karibu na vilele, ni jangwa la baridi, mvua ni haba. Msitu ndio unaonyeshewa zaidi, na majani, kuvu na udongo wake hushika maji, kisha huyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Aukataye msitu, au autiaye moto, afunga mfereji wa wajukuu wake.

Ndiyo maana mlima umewekewa sheria tangu zamani. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili upande wa chini wa msitu, watu wapate kuni na mbao bila kuingia ndani. Mwaka 1973 ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 2005 msitu nao ukatiwa ndani yake. Lakini sheria haizimi moto. Oktoba 2020, mwisho wa kiangazi, moto uliwaka mlimani kwa zaidi ya juma moja, ukateketeza eneo kubwa la vichaka vilivyo juu ya msitu. Tena tazameni mwezi wenyewe: ni ule ambao nyasi zimekauka na vuli haijaja. Huo ndio mwezi wa kukesha, si wa kuchoma asali wala kufyeka kwa moto.

Babu zetu walichimba mifongo kwa mikono, wakayaongoza maji kwa kando ya mabonde hata vihambani. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, na zamu, na siku ya wote kutoka kwenda kuusafisha. Aliyeiba zamu ya mwenziwe alileta ugomvi, na ugomvi ulipokwisha jani la sale lilichukuliwa kuombea msamaha. Twaona kwamba katika desturi hii imani na kazi hazikutengana: walimwomba Mungu mvua, kisha wakazibua mfongo, ili mvua ijapo isipotee.

Basi wenyeviti wa vijiji na wazee wa mifongo twawaomba waitishe kazi ya kusafisha mapema, kivuli kiwapo karibu kutoweka, wasingoje maji yafurike. Walimu twawaomba waweke kijiti uwanjani, na kando yake kopo lililo sawa toka mdomo hata kitako, mahali pasipo na mti wala paa. Kila siku saa tatu asubuhi mtoto mmoja apime kwa rula maji yaliyomo, aandike milimita katika daftari, kisha ayamwage. Baada ya miaka 10 kijiji kile kitakuwa na hazina ambayo fedha hainunui, na mjane hatakuwa na haja ya kutazama jembe la jirani.

Mawenzi alipigwa kwa kuwa hakulinda moto wake. Sisi na tulinde wakati wetu, na mwenye fungu la mbegu lililobaki amkumbuke aliyekosa.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini kivuli cha mchana huelekea mlimani katika Desemba na tambarare katika Juni?
2. Kivuli hutoweka mara ngapi kwa mwaka hapa Moshi, na mvua gani hufuata kila mara?
3. Kwa nini Ramadhani huzunguka majira yote, bali Pasaka hukaa katika masika?
4. Mtu ana mafungu matatu ya mbegu. Ataje lini atapanda kila fungu, na sababu yake.
5. Waulizeni wazee nyumbani: ni nani aliyechimba mfongo wa kwenu, na siku ya kuusafisha ilikuwa lini?