Ngozi Ina Dawa Yake

Ukichubuka kiwiko leo, mara nyingi baada ya siku chache pameshakauka bila kutunga usaha, hata kama hukupaka kitu. Ngozi yenyewe hutengeneza protini fupi fupi ziitwazo peptidi, na baadhi yake kazi yake ni kuua bakteria. Moja, demsidini, hutoka pamoja na jasho. Watafiti wa Ujerumani waliitangaza mwaka 2001. Nyingine, LL-37, hutolewa na seli za ngozi na chembe nyeupe za damu palipo na jeraha.

Nyingi kati ya peptidi hizi zina chaji chanya, na utando wa bakteria kwa nje una chaji hasi. Basi hunasana, peptidi ikajipenyeza na kuutoboa utando, bakteria akavuja hadi akafa. Seli zetu hazina chaji hasi kama hiyo kwa nje, ndiyo maana husalimika. Lakini dozi ikizidi, nazo huumia.

Mbona basi hatujaziona dukani?

Mwaka 1987 Michael Zasloff, mtafiti wa Marekani, alistaajabu kuona vyura wa Afrika wenye kucha aliowapasua maabara wakipona vizuri ilhali amewarudisha kwenye maji machafu. Ngozini mwao akakuta peptidi, akaziita magainini. Kutokana nazo ikaundwa krimu ya peksiganani, kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari vilivyoingiwa na vijidudu. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa. Majaribio mengine yalitoa majibu mwaka 2016: krimu hiyo haikuishinda krimu tupu isiyo na dawa. Kidonda chenye usaha kimejaa vimeng'enya vinavyokatakata peptidi, na bakteria aina ya stafilokokasi hutengeneza vya kwake vya kuivunja LL-37.

Peptidi za kuua bakteria zilizokwisha kuwa dawa zilitoka kwa vijidudu wenyewe. Basitrasini na polimiksini B zimo katika baadhi ya marhamu. Daptomaisini, ya kuchomwa mshipani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa maambukizi makali ya ngozi. Hiyo ni ya hospitali, si ya kununua kiholela.

Krimu za urembo zilizoandikwa "peptidi" ni habari nyingine kabisa. Zimetengenezwa kwa ajili ya makunyanzi, hazitibu jipu.

Kidonda kioshe kwa maji safi na sabuni, kisha kifunike. Usikipasulie kapsuli ya antibayotiki na kukinyunyizia unga wake. Tabia hiyo haitibu, na huwazoesha bakteria dawa. Jipu usilikamue, hasa la puani au usoni. Nenda kituo cha afya ukiona uvimbe unatanuka, pana joto na maumivu yanazidi, au homa imepanda. Kwenye ngozi nyeusi usingojee wekundu, huenda usiuone. Mwenye kisukari aliyepata kidonda mguuni aende siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi.