Maumivu ya Tumbo Yanayopoa Yenyewe: Tuikumbuke Anjioedema ya Utumbo

Mama wa miaka 50 kutoka Nyamongo, wilayani Tarime, anafika zahanati amejikunja kwa maumivu ya tumbo, anatapika, hana homa. Ni mara ya 3 mwaka huu. Kila mara hupona baada ya siku 2 au 3, na kila mara huambiwa ni taifodi au vidonda vya tumbo. Mgonjwa huyu ni wa mfano tu, lakini kosa ni la kweli: dawa alizopewa husifiwa kwa nafuu ambayo ingekuja hata bila dawa.

Swali linalosahauliwa ni hili: je, anatumia dawa ya presha? Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili hudhoofisha kimeng'enya kinachovunja bradikinini. Bradikinini ikizidi, mishipa midogo ya damu huvuja maji, ukuta wa utumbo huvimba na njia ya chakula husongeka. Hali hii ni adimu, ingawa uvimbe utokanao na dawa hizi huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Huweza kuanza siku chache baada ya kumeza dawa, au baada ya miaka. Basi jibu la "nazimeza tangu zamani" lisimpumbaze mtabibu. Wala kadi ya kliniki isiaminiwe peke yake, kwani huenda vidonge vilinunuliwa dukani, pengine Isebania, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Paketi iletwe, ionekane.

Kwanza, hata hivyo, yachunguzwe yanayoua upesi: kidole tumbo, kuziba kwa utumbo, mimba iliyotunga nje ya kizazi. Ultrasaundi ikifanywa wakati wa maumivu huweza kuonyesha ukuta wa utumbo ulionenepa na maji tumboni. Ikicheleweshwa, uvimbe huwa umekwisha. Wapo waliopasuliwa bure kwa hali hii.

Dawa hiyo isimamishwe na isirudiwe kamwe, presha itibiwe kwa kundi lingine, kama amlodipini. Uvimbe unaofuata waweza kuwa wa koo, na huo hausikii sana dawa za mzio.

Mgonjwa akiwa kijana wa Mugumu asiyetumia dawa hizo, ambaye midomo au mikono humvimba bila vipele vya kuwasha, aulizwe kuhusu wazazi na ndugu zake. Ipo anjioedema ya kurithi, ambayo kwa kawaida hushusha kiwango cha protini ya C4 katika damu. Huyo apewe rufaa kwenda Bugando, Mwanza.