Watoto wetu wakubwa wajue tunaumwa nini

Wazazi wengi tukishavuka miaka 60 huwaficha watoto mambo mawili: fedha tulizonazo na maradhi tuliyonayo. La fedha naliacha. La maradhi nalipinga, kwa sababu ugonjwa wa mzazi haumhusu yeye peke yake. Presha ya kupanda hukaa mwilini miaka bila dalili, kisha ikaleta kiharusi. Kikiwa kimetokana na damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge hilo, kwa hospitali iliyo nayo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kabla ya hapo daktari atauliza: zilianza saa ngapi? Anameza dawa za kuzuia damu kuganda? Wewe mdomo umepinda, maneno hayatoki. Anayeulizwa ni mwanao. Tena presha ya macho, kisukari na saratani ya tezi dume hutembea katika ukoo. Kijana ambaye baba yake ana saratani hiyo anapaswa kuzungumza na daktari kuhusu kupima mapema kuliko wenzake. Atajuaje, baba akinyamaza?

Nashauri tuanze na dawa, mazungumzo ya kifo yangoje. Weka pakiti zote mezani, kila moja isomwe: amlodipini miligramu 5, asubuhi, metformini miligramu 500, mara mbili. Taja na mitishamba, ambayo ndiyo tunaionea haya. Mwanao apige picha, pamoja na kadi ya kliniki na ya bima, na aliye Muscat au Minnesota apelekewe siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema huo ni uchuro. Mbona wasia tunaambiwa tuuandike tungali wazima? Wengine wanahofia kuwatia watoto wasiwasi, lakini mtoto anayekuona unakonda huku unamwambia "mimi mzima" tayari analala na wasiwasi, na anayoyakisia huenda ni mabaya kuliko ukweli. Hoja nzito ni ya tatu: ukishasema, wataanza kukuamulia. Usiende shamba, hamia mjini, usilale peke yako. Hutokea kweli. Ndiyo maana ugonjwa utajwe pamoja na unachotaka: "Nina presha, dawa nameza, na shamba siachi mpaka daktari aniambie." Kisha mtaje mtoto atakayesemezana na madaktari siku utakapokuwa huwezi, na wenzake wasikie ukimtaja.