Utambi Mdogo, Maji Mazito
Kwa wavutaji wa sigara nchini Uingereza waliohamia vepu

Aliyekulia kwenye mwanga wa koroboi anajua: mafuta ya taa yakiisha, utambi huanza kujila wenyewe na chumba hujaa moshi. Vepu nayo ina utambi. Ni pamba iliyogusana na waya unaopata moto, na viwili hivyo kwa pamoja huitwa koili. Pamba ikikosa maji ya vepu huungua, nawe unavuta uchungu pamoja na kemikali kama formaldehidi na akrolini, zinazochoma koo na mapafu.

Tangu Juni 1, 2025, vepu za kutupa zimepigwa marufuku Uingereza, kwa hiyo wengi sasa hujaza tangi kwa mikono yao. Dukani mtu huvutwa na picha ya embe au minti. Tunakuomba uanze na namba.

Pembeni mwa chupa utaona asilimia za VG na PG. VG ni gliserini, nzito, hutoa mvuke mwingi. PG ni propilini glaikoli, nyepesi, hubeba ladha na kukwaruza koo kidogo kama sigara. Kisha soma omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, zilizoandikwa kwenye koili. Koili ya tangi dogo mara nyingi ni omu 1 au zaidi, na matundu yake ya kupitisha maji ni madogo. Ukiitilia maji ya VG 70, ni kama kunywa uji mzito kwa mrija. Chukua ya VG 50 kwa PG 50. Maji ya VG 70 yaachie koili kubwa za chini ya omu 1. Majira ya baridi gliserini huzidi kuwa nzito, basi weka kifaa mfuko wa ndani wa koti.

Kwenye nikotini, sheria inaishia miligramu 20 kwa mililita. Aliyekuwa akimaliza pakiti kwa siku asione haya kuanza karibu na hapo, kwani tangi dogo hutoa mvuke kidogo, na nikotini isipomtosha atairudia sigara. Maji yenye chumvi ya nikotini hulainisha mvuto. Lakini maji ya nguvu hiyo ya karibu 20 kwenye koili kubwa yatakupa kizunguzungu na kichefuchefu.

Koili ikiwa mpya, dondoshea pamba matone matatu manne, jaza tangi, subiri dakika kumi. Maji matamu sana huacha gaga jeusi kwenye waya. Ukisikia ladha ya sukari iliyoungua, badilisha koili.

Usitie kamwe mafuta ya karafuu, ya nazi wala ya mdalasini, hata tone. Gliserini ya kupaka ngozi nayo ibaki kwenye ngozi. Mafuta yakiingia mapafuni huweza kuleta nimonia. Marekani, ugonjwa wa mapafu uliozuka 2019 ulihusishwa zaidi na mafuta ya vitamini E asetati yaliyochanganywa kwenye vepu za bangi, na hadi Februari 2020 vifo 68 vilikuwa vimethibitishwa.

Kama huvuti sigara, usianze vepu.

Chupa ya mililita 10 yenye nguvu ya 20 ina miligramu 200 za nikotini, nayo hunukia kama peremende. Ifungie juu, mbali na watoto. Mtoto akiinywa, usimtapishe: piga 999, ushike chupa mkononi umsomee mhudumu lebo yake.