Somo: Habari ya Kweli Iliyopunguzwa

Ndugu mmoja katika darsa yetu ya hapa Munyaka, Eldoret, ametuuliza: Je, magazeti ya kigeni yalisema uwongo juu ya mji huu mwaka 2008?

Jawabu letu ni kwamba uwongo hasa hawakusema. Kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto kweli tarehe 1 Januari 2008, na wanawake na watoto wakafia ndani. Anayekana haya amewadhulumu maiti.

Kosa lao lilikuwa katika kueleza sababu. Wengi waliandika kwamba makabila yamerukiana kwa chuki ya tangu kale, wakaitaja Rwanda, basi. Lakini ukale huo una umri gani? Mji huu watu huuita Sisibo, yaani 64, kwa nambari ya shamba la mlowezi lililokuwa hapa. Walowezi walipewa ardhi, wenyeji wakaondolewa. Kisha baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi yakauzwa, na wanunuzi wengine wakatoka mbali. (Hata jina la Munyaka ni la Kikikuyu, maana yake bahati.) Wanasiasa ndipo walipolichokoa jeraha hilo wakati wa uchaguzi: 1992, 1997, na 2007. Nanyi ndugu zetu wa pwani mwaijua kazi hii, kwani Likoni haikuwaka Agosti 1997 kwa ugomvi wa mababu.

Tena hesabu yawasuta. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchini 1,133, na katika hao 405 waliuawa kwa risasi, na tume ikawanyooshea kidole polisi. Polisi ni kabila gani?

Walakini tusijitakase. Tume hiyo hiyo ilizilaumu redio zetu za lugha za makabila kwa uchochezi. Mgeni aliipunguza habari. Hawa wetu waliitia sumu, na wasikilizaji tulikuwa sisi. Amri ya kuhakiki habari, iliyomo katika Surat al-Hujurat aya ya 6, haikubagua baina ya mgeni na mwenyeji.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, Kofi Annan akiwa mpatanishi, na habari zetu zikaanza kuadimika katika magazeti yale. Wakati huo maelfu ya watu walikuwa wangali wakilala mahemani katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret.