KIJANA, UMESHIKA NINI?

Kijana, juisi ya pesheni unaijua. Ua lake je, umewahi kulitazama? Miaka ya 1600 wamisionari wa Kihispania huko Amerika ya Kusini waliona ndani yake mateso ya Yesu: nyuzi za duara, taji ya miiba, vichwa 3, misumari, vifuko 5 vya chavua, majeraha. Hata jina pesheni latokana na mateso, siyo mapenzi ya sinema!

Sasa tazama unavyokua. Shina ni dhaifu, halisimami lenyewe. Hutoa vikamba vinavyojisokota kama springi, vikashika chochote: waya, mwembe, hata mti ulioliwa na mchwa. Haviulizi! Mti ukianguka, mpesheni nao chini.

Wewe umeshika nini? Bangi? Genge? Yesu anakuita leo. Kila ua la pesheni hufunguka siku moja tu, kisha hujifunga.